"Amekubali": filamu ya Leila na historia ya ridhaa ya mke

Ninalo daftari la mwaka 2015 ambalo mpaka leo sijalitupa. Katikati ya maelezo ya mikutano ya waandishi wa habari na namba za simu za watu nisiowakumbuka tena, kuna ukurasa mmoja wa kikao cha familia. Kilifanyika nyumbani kwetu Tanga, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Kaka yangu mkubwa na mkewe walikuwa wametimiza miaka saba ya ndoa bila mtoto. Baba mkubwa aliongoza, shangazi wawili walikaa mkekani karibu na mlango, na mimi nikaambiwa, "Wewe ndiye mwandishi, andika." Nikaandika. Hakuna aliyefoka siku ile. Watu walizungumza kwa upole, kwa dua na kwa mifano ya mitume. Mwishoni wifi yangu akaulizwa kama ataridhia mumewe aoe mke wa pili. Akajibu macho yake yakiwa kwenye mkeka: "Mkiona inafaa, sawa."

Kwenye daftari niliandika neno moja: Amekubali.

Kama miaka miwili baadaye, mfanyakazi mwenzangu alinipa flashi iliyojaa filamu za Kiirani. Ndani yake kulikuwa na Leila, ya mwongozaji Dariush Mehrjui, iliyotoka mwaka 1997. Niliiwasha usiku nikitegemea kulala katikati. Sikulala. Tangu hapo nimeitazama mara nne au tano, na kila mara naishia kwenye swali lilelile: mke akisema "sawa", ni nani hasa aliyesema?

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Leila na Reza ni vijana wa Tehran wenye uwezo. Wana nyumba nzuri, gari, familia zinazopendana. Wamekutana siku familia inapika wali mtamu wa zafarani, ule unaotiwa sukari na marashi ya waridi, ukapambwa kwa mdalasini na kugawiwa majirani kwa ajili ya nadhiri. Msomaji wa pwani ataijua hali hiyo bila kufundishwa: sufuria kubwa, wanawake wengi, mvuke, vicheko. Muda mfupi baada ya harusi, Leila anagundua kwamba hawezi kushika mimba. Reza anamwambia hajali, anamtaka yeye tu. Wanahangaika na vipimo na matibabu. Hayafui dafu.

Hapo anaingia mama mkwe.

Kwa sisi tuliolelewa na filamu za Kinigeria na za Bongo, mama mkwe wa filamu ya mke asiyezaa tunamjua. Huyo ni wa kupiga kelele ukumbini, kumwita mkwewe mchawi na kumwaga chakula. Mawifi huwa nyuma yake, mikono kiunoni. Mama yake Reza, aliyeigizwa na Jamileh Sheikhi, hafanani naye hata kidogo. Ana adabu na huja na maneno matamu. Silaha yake kubwa ni simu. Anapiga Reza akiwa hayupo, anamweleza Leila kwamba mwanawe wa kiume ni mmoja tu, kwamba jina la ukoo haliwezi kukatika hivihivi, kwamba Reza anatamani mtoto ila anaona haya kumwambia mkewe kwa sababu anampenda. Halafu anakata simu, na Leila anabaki na nyumba nzima ya kimya. Kesho inalia tena.

Jambo la pili lililonishangaza ni mawifi. Dada zake Reza wanapinga ndoa ya pili. Baba yake naye haitaki. Yaani ukihesabu kura, mama mkwe yuko peke yake, na bado anashinda. Anashinda kwa sababu wengine wote wanaona ubaya, wanausema kidogo, kisha wanaendelea na chai yao. Niliposhtuka ni hapo. Mimi nilikuwa wifi, na kwenye kikao chetu sikusema hata hicho kidogo.

Na Reza je? Ndiye mhusika anayenikera kuliko mama yake. Kila akibanwa anasema neno la mwisho ni la Leila: akikataa, yeye hataoa. Linasikika kama upendo, na pengine ni upendo kweli, lakini limeubwaga mzigo wote mabegani mwa mtu mmoja. Akisema hapana, ni yeye aliyemnyima mume mtoto na ukoo mrithi. Akisema sawa, ametaka mwenyewe. Basi mume na mke wanapanda gari pamoja kwenda kumtafuta mke wa pili. Reza anaingia kuwaona wachumba, Leila anamsubiri, na wakirudi wanawacheka njiani kama watoto watoro wa shule. Wanacheka mpaka anapopatikana ambaye hawawezi kumcheka.

Ili kuelewa kwa nini Mehrjui aliweka uzito wote kwenye lile "sawa" la Leila, lazima turudi nyuma, kwa sababu nchini Iran swali la mke asiyezaa lilikwisha kufika mpaka ikulu.

Mwezi Februari 1951, Shah Mohammad Reza Pahlavi alimuoa Soraya Esfandiary-Bakhtiary, binti wa miaka 18, baba yake akiwa wa kabila kubwa la Bakhtiari na mama yake Mjerumani. Shah alikuwa na mtoto mmoja kutoka ndoa yake ya kwanza na Fawzia wa Misri, lakini alikuwa wa kike, na kiti kilihitaji mwanamume. Katiba ilikuwa imezuia wana wa mama wa ukoo wa Qajar, ukoo uliotawala kabla, kurithi ufalme. Kwa sheria hiyo ndugu wa Shah wa mama wengine hawakufaa. Alibaki ndugu mmoja wa baba na mama, Ali Reza, naye akafa katika ajali ya ndege Oktoba 1954. Kuanzia hapo tumbo la Soraya likawa jambo la serikali. Alipelekwa kwa madaktari wa nje. Mimba haikuja.

Wakati huo hapakuwa na sheria iliyomlazimu mwanamume wa Iran kumuuliza mkewe wala mahakama kabla ya kuoa mke wa pili. Katika simulizi zilizochapishwa kuhusu ndoa ile, Soraya alipewa njia hiyo: abaki malkia, aje mwingine azae. Alikataa. Machi 1958 talaka ikatangazwa, akiwa na miaka 25. Desemba 1959 Shah alimuoa Farah Diba, na tarehe 31 Oktoba 1960 akazaliwa mtoto wa kiume, akapewa jina la Reza. Kwamba mume wa Leila naye anaitwa Reza huenda ni bahati tu. Ni jina la kawaida sana kule. Soraya aliishi Ulaya, akajaribu kuigiza filamu, akaandika kumbukumbu zake kwa Kifaransa, akafariki Paris mwaka 2001. Magazeti hayakuchoka kumpiga picha akiwa na huzuni. Lakini mimi ninapomfikiria, namuona zaidi kama mwanamke aliyesema "sitaki" na akalipa bei yake kamili, wakati Leila amesema "sawa" na akalipa bei hiyohiyo.

Miaka 9 baada ya talaka hiyo, serikali ya Shah huyohuyo ilipitisha Sheria ya Kulinda Familia ya mwaka 1967. Mwanamume aliyetaka mke wa pili alitakiwa kwenda mahakamani kwanza, na mahakama imchunguze kama ana uwezo na kama atatenda haki. Mwaka 1975 sheria ikafanyiwa mabadiliko na kuorodhesha sababu zinazokubalika. Mojawapo ilikuwa ridhaa ya mke wa kwanza. Nyingine ilikuwa utasa wake. Hebu tuitazame orodha hiyo vizuri. Mke asiyezaa alikuwa na mlango wa kukubali. Lakini hata asipokubali, utasa wake pekee ulitosha kumfungulia mume mlango mwingine. Alichobaki nacho ni haki ya kuomba talaka. Kwa hiyo hata sheria iliyosifiwa kuwa ya kisasa ilimwambia mwanamke wa aina ya Leila kile alichoambiwa Soraya: vumilia au ondoka.

Mapinduzi yakaja. Februari 1979, wiki chache tu baada ya utawala mpya kuingia, ilitangazwa kwamba Sheria ya Kulinda Familia imefutwa. Miaka ya 1980 ukapatikana ujanja mwingine: kwenye mkataba wa ndoa zikachapwa sharti ambazo bwana harusi huweka saini moja baada ya nyingine. Miongoni mwake, mume akioa mke mwingine bila ridhaa ya wa kwanza, huyo wa kwanza anaweza kuomba talaka. Na ipo sharti ambayo ukiisoma unatabasamu kidogo: ikipita miaka mitano bila mtoto kwa sababu ya utasa wa mume, mke ana haki hiyohiyo. Angalau kwenye karatasi, mtu fulani alikumbuka kwamba mwanamume naye anaweza kuwa mgumba.

Sisi huwa tunasahau. Mtaani maneno "tasa" na "mgumba" tunayaelekeza kwa mwanamke kabla hata ya kipimo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba wakati fulani maishani mwake, na madaktari watakwambia upande wa mwanamume huchangia katika sehemu kubwa ya visa hivyo. Kwenye kikao chetu cha Tanga hakuna aliyeuliza kama kaka amepima. Nimelipekua daftari. Halimo.

Kuna kichekesho kichungu ambacho mtazamaji wa nje ya Iran anaweza kukikosa. Leila ilitengenezwa wakati serikali ya Iran inaendesha kampeni kali ya uzazi wa mpango. Baada ya vita na Iraq kwisha mwaka 1988, watawala walishtukia idadi ya watu. Kuanzia 1989 wakahimiza familia ndogo. Sheria ya mwaka 1993 ikaondoa baadhi ya marupurupu kwa mtoto wa nne na kuendelea. Na wachumba walitakiwa kuhudhuria somo la uzazi wa mpango kabla ya kufunga ndoa. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka zaidi ya 6 katikati ya miaka ya 1980 hadi takriban 2 mwaka 2000. Ni badiliko la kasi ambalo nchi chache zimewahi kuliona. Wachumba kama Leila na Reza wangekuwa wamekaa darasani kufundishwa jinsi ya kutozaa. Serikali inasema wachache wanatosha, mama mkwe anajibu: sawa, lakini huyo mmoja yuko wapi? Familia inapokuwa ndogo, mtoto wa kiume wa pekee anakuwa kamba moja iliyofungiwa ukoo mzima, na mke wake ndiye anayeivuta au kuikata.

Hata njia ya hospitali ilikuwa bado inatafutiwa hukumu ya dini. Mwaka 1999, miaka miwili baada ya filamu kutoka, Ayatollah Khamenei alitoa fatwa iliyoruhusu, kwa masharti, matumizi ya mbegu na mayai ya mchangiaji. Mwaka 2003 bunge likapitisha sheria ya kuchangia viinitete kwa wanandoa wasiozaa. Iran leo inajulikana katika ukanda wake kwa tiba hizo. Naitaja hatua hii kwa sababu wapo wanaodhani dini na simu ya mama mkwe ni kitu kimoja. Dini ilikuwa ikijadiliana na sayansi, inasogea. Simu ndiyo haikusogea.

Mehrjui hakuwa mgeni wa mambo haya. Alizaliwa Tehran mwaka 1939, akasoma falsafa Marekani, na filamu yake Gaav, yaani Ng'ombe, ya mwaka 1969, ndiyo iliyomtangaza duniani. Miaka ya 1990 akageukia wanawake ndani ya nyumba. Banoo ilizuiwa kwa miaka mingi. Sara ya mwaka 1993 aliichota kutoka tamthilia ya Ibsen, A Doll's House. Kisha Pari, kisha Leila. Alifanya kazi chini ya kanuni ngumu: mwigizaji wa kike lazima afunike nywele hata katika onyesho la chumbani, na wanaoigiza mke na mume hawaruhusiwi kugusana. Mtu angedhani filamu ya ndoa haiwezekani namna hiyo. Kumbe kanuni zilimsaidia bila kukusudia. Leila Hatami na Ali Mosaffa wanaonyesha penzi kwa kutaniana, kwa kula pamoja, kwa kuangaliana, hivyo Leila anapoacha kumwangalia mumewe usoni unajua ndoa imekwisha, hata kabla hajafunga mzigo. Waigizaji hao wawili walikuja kuoana kweli mwaka 1999.

Filamu haikupendwa na kila mtu. Wapo waliomlaumu Mehrjui kwa kumfanya mwanamke msomi, mwenye wazazi wanaompenda na nyumba ya kurudi, akubali kirahisi namna ile. Mwanzoni nami nilikuwa upande wao. Nilimpigia kelele kwenye kompyuta: sema hapana, dada! Lakini ukitazama mara ya pili unaona kwamba Leila hakukubali kirahisi. Amekubali mara hamsini, kila mara kidogo. Alikubali kupokea simu. Alikubali kutomwambia Reza yaliyosemwa kwenye simu, ili asimgombanishe na mama yake. Alikubali kwenda kuona wachumba, "kuona tu". Mpaka inafika siku ya harusi, anaandaa nyumba kwa mikono yake, na ni pale bi harusi anapoingia usiku ndipo mwili wake unakataa kile ambacho mdomo ulikwisha kukipitisha. Anatoka, anarudi kwa wazazi wake. Hapana yake imekuja, ila imechelewa.

Sheria zetu nazo zimejaribu kulishika neno hili ridhaa, na mara nyingi limeteleza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, iliyopita kati ya zile mbili za Iran, inaruhusu ndoa ya mke mmoja igeuzwe kuwa ya wake wengi iwapo mume na mke watatamka mbele ya hakimu au jaji kwamba kila mmoja anakubali kwa hiari yake, ingawa Wakristo wawili hawana njia hiyo. Ndoa ya Kiislamu huchukuliwa tangu mwanzo kuwa inaweza kuongezwa mke. Hapo mke wa kwanza anaweza kuweka pingamizi kwa sababu maalumu, mfano kwamba kipato cha mume hakitatosha na familia itateseka. "Sitaki" peke yake haimo kwenye orodha. Kenya, mwaka 2014, muswada wa ndoa ulikuwa na kipengele cha kumtaka mume amshirikishe mkewe kabla ya kuongeza mwingine. Wabunge wengi wa kiume wakakiondoa, wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi, na Rais akatia saini.

Siandiki haya kumhukumu kila aliyeoa wawili, wala kila aliyekubali. Wapo wake waliokubali kwa akili zao timamu na wanaishi vizuri kuliko sisi tunaowasema. Hoja yangu ni ndogo zaidi. Sheria inaweza kuuliza kama mke amesema ndiyo. Haiwezi kuuliza simu ililia mara ngapi kabla ya hapo. Hilo wanalijua waliokuwa ndani ya nyumba peke yao, na kwa hiyo ni wao wanaopaswa kulisema.

Mwisho wa Leila unarudi kwenye sufuria la wali wa zafarani. Miaka imepita. Yule mke wa pili alizaa, kisha akaachana na Reza, akamwachia mtoto. Mtoto ni wa kike, jina lake Baran, maana yake mvua. Reza anakuja naye siku ya nadhiri, na Leila anamtazama kupitia dirishani. Huyo ndiye aliyepiganiwa. Hana kosa lolote, anapendeza, na kama si ung'ang'anizi wa bibi yake asingekuwepo duniani. Mehrjui hatuambii kama Leila atatoka nje. Mwongozaji huyo na mkewe, Vahideh Mohammadifar, waliuawa nyumbani kwao karibu na mji wa Karaj Oktoba 2023. Siku niliposoma habari hiyo niliiwasha filamu tena, nikaisimamisha hapo dirishani.

Kaka yangu ana watoto wawili sasa. Nawapenda, wananiita shangazi, na kila Idi wananimaliza kwa kudai hela. Wifi yangu wa kwanza aliondoka mwaka mmoja baada ya kikao, bila ugomvi, akiwa na sanduku moja na cherehani. Mwaka jana nilimpigia simu. Tulisalimiana, akaniuliza kuhusu kazi, nikamuuliza kuhusu biashara. Halafu nikamwambia nililoliandika kwenye daftari siku ile, na kwamba halikuwa kweli.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Wewe mdogo wangu ulikuwa umekaa karibu yangu kabisa. Nilidhani hukusikia."

Nilisikia. Kwenye ukurasa ule nimelikata neno lile kwa mstari mmoja, na juu yake nimeandika alichosema, kama alivyokisema: Mkiona inafaa, sawa.